Kilio cha Sabuni

Enzi zile chama cha ushirika ndicho kilichonunua pamba yote, kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi kilikuwa na kikundi chake cha maigizo. Mchana nilifagia nyuzi kiwandani. Jioni tulifanya mazoezi ghalani, katikati ya marobota.

Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkimya. Alinipa nafasi ya mama aliyefiwa na mtoto. Siku ya kwanza nililia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Akanisimamisha.

"Huyo anayelia ni wewe, unataka tukuone. Mama mwenyewe anahangaika asilie. Kunja nguo za mtoto. Zikunje vizuri."

Nilizikunja jioni baada ya jioni. Siku moja shati dogo likagoma kukaa sawa. Nikalirudia, nikalirudia tena, nikalinyoosha kola kwa kidole. Hakunisifu. Alisema tu, "Hapo hapo. Usiongeze kitu." Ndipo nilipojua nimezaliwa kwa kazi gani.

Tulipocheza kijijini Shishiyu, wanawake hawakupiga makofi. Walinifuata nyuma ya turubai, mmoja akanishika mikono. "Pole, mayu, pole mama," akasema, akaniuliza mtoto alikuwa na umri gani. Nilishindwa kumwambia kwamba hakuwahi kuwapo.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaleta malori yao, ushirika ukayumba, kiwanda kikafungwa, na kikundi kikafa nacho. Mwongozaji akapata kibarua kwa mfanyabiashara wa sabuni aliyezunguka minadani na lori lenye vipaza sauti. Akaja kwangu, kofia mkononi.

"Tajiri anataka lile igizo la mama."

"La msiba?"

"Sasa analia kwa sababu nguo hazitakati. Halafu analetewa sabuni."

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. "Nina watoto, mama. Na wewe unao."

Kwenye mnada wa Bukundi nilipanda juu ya lori. Nikacheza kama alivyonifundisha, polepole, kwa mikono. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kutazama ng'ombe. Tajiri akafoka kutoka kwenye kiti cha mbele, "Mwambie apige yowe!"

Mwongozaji akasogea ubavuni mwa lori. Hakuinua macho. "Piga yowe," akaniambia. "Jitupe chini."

Nikajitupa. Nikagaagaa na shati limening'inia mdomoni. Watu wakarudi mbio, wakacheka hadi wakashika mbavu. Sabuni iliisha yote.

Tulizunguka hivyo msimu mzima, na hakunirekebisha tena hata mara moja. Nikosee, nipatie, kwake ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonimaliza kuliko vile vicheko. Nikiwa jukwaani bila jicho lake, sikujua tena niko wapi. Msimu uliofuata sikupanda lori. Naye hakuja kuniuliza.

Alipofariki nilikwenda Maswa kumzika. Machozi yakaja yenyewe, kwa sauti, sikuyazuia. Nyuma yangu nikasikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake, "Siyo yule wa sabuni?" Mwenzake akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika.

Nikanyamaza. Niliinuka, nikaenda kwa wapishi uani, nikaomba kisu. Nilimenya viazi mpaka waliokwenda makaburini waliporudi.