Ratiba ya Bwana Kimya

Mara ya kwanza Bwana Kimya alipokuja kwangu, alisimama mlangoni akangoja kukaribishwa. Mimi nilikuwa nakagua viti vilivyorudi kutoka harusini, vitatu vimevunjika miguu, kwa hiyo nilimwacha angoje. Nakodisha viti na maturubai. Nilianza na viti sita vya plastiki na mkokoteni wa kuazima, leo nina zaidi ya mia nne, na njiani sikukutana na mtu aliyenipa kitu bila kutaka kingine. Mtu akisimama mlangoni kwangu na kusita kusema shida yake, najua anataka bure.

Na kweli alitaka bure.

Yeye ndiye mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu, ile nyumba ya ghorofa moja nyuma ya posta. Jina la Bwana Kimya alipewa na watoto wa shule, na wazazi wao wakalichukua. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye meza ile ile na penseli ile ile, na mtu akikohoa mara mbili, penseli inagonga meza. Wanasema aliwahi kumgongea mtu aliyefungua pipi. Hutembea kama sakafu imelala na hataki kuiamsha. Mashati yake yamepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inaweza kukata mkate, na vidoleni hakosi gundi, maana kazi ya kushona na kubandika vitabu vilivyochanika haimwachi mtu.

Alikaa kwenye kiti kimoja changu, akakijaribu kwanza kwa mkono, akanieleza kwa sauti ya chini kana kwamba viti vinasoma. Baraza la mji lilikuwa limemwandikia barua. Chumba cha juu cha maktaba, walisema, hakina watu, na chumba kisicho na watu kitakodishwa kwa mfanyabiashara kiwe stoo. Kama anataka kibaki, aanzishe huduma za kuwaita watu, kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili. Siku ya kwanza ofisa angekuja kuhesabu. Wakipungua thelathini, habari imekwisha siku hiyo hiyo.

Huduma alikuwa amekwisha kuzipanga, nane, baadhi za wiki mbili. Kupima macho, kilimo cha bustani ya nyumbani, hadithi kwa watoto, kompyuta kwa wanaoanza, na nyingine ambazo alinisomea zote mpaka mwisho, pamoja na majina ya watakaozifundisha na vyeo vyao. Alichokosa ni viti arobaini.

Sasa, lazima niseme kilichokuwa kichwani mwangu, maana bila hicho hadithi hii haieleweki. Maturubai yangu yalikuwa yanaoza. Nilikuwa natafuta stoo kavu tangu mvua zilizopita, na chumba kile cha juu nilikifahamu: kipana, madirisha mawili, hakivuji. Sikujua kama kinaweza kukodishwa. Aliyeniletea habari hiyo ni yeye mwenyewe, mpaka kwangu, na kiti nikampa.

Nikamwambia nitampa viti arobaini kila Jumamosi, wiki zote kumi na mbili, na wabebaji wangu watambandikia matangazo yake mtaani wakipeleka viti. Badala yake nilitaka nafasi iliyo chini ya ngazi zake niweke maturubai, mwaka mzima. Akasema pale pana magazeti ya zamani. Nikasema magazeti hayo yamekwisha kusomwa. Akasema magazeti hayaishi kusomwa, yanangojea msomaji mwingine. Tulivutana karibu saa nzima. Kila nikipanda yeye hashuki, kila nikishuka yeye anarudi palepale alipoanzia, na nikaona kwamba si ukaidi, ni kwamba hajui kununua. Mwishowe magazeti yalihamia ofisini kwake, yakamwachia njia ya kupita kwa ubavu. Tulipeana mikono.

Nilirudi kwenye viti vyangu na furaha ya kimyakimya. Akifaulu, nina nafasi ya ngazi. Akishindwa, nina chumba chote. Biashara ya namna hiyo haiji kila mwaka.

Siku nne baadaye alileta matangazo kutoka kwa mpiga chapa, karatasi mia mbili, yamefungwa kwa uzi. Nikachukua moja nikalisoma. Juu, kwa herufi kubwa: Huduma Mpya za Maktaba, Uzinduzi Jumamosi Hii Saa Nne Asubuhi, Wote Mnakaribishwa. Chini yake huduma nane, na amezipanga kwa herufi, kuanzia A hadi W, kama kadi za vitabu. Kwa hiyo ya kwanza kabisa ilikuwa Afya ya Macho: kupimwa bure, na miwani ya kusomea kwa atakayehitaji. Ya mwisho kabisa, chini pembeni, ilikuwa Wosia: namna ya kuuandika na kuutunza.

Nikatafuta tarehe sikuziona. Nikageuza karatasi. Zilikuwa nyuma, kwenye jedwali safi lenye mistari. Macho ni wiki ya kumi na mbili, Jumamosi ya mwisho. Wosia ni hii ya kwanza, kwa sababu mwalimu wake, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa na nafasi Jumamosi hiyo tu.

Nilimuuliza kwa nini tarehe ziko nyuma. Akanijibu kwa upole kwamba hivyo ndivyo vitabu hupangwa: msomaji anaiona mada kwanza, kisha anafungua nyuma kutafuta mahali ilipo.

Karatasi hiyo ilikuwa inakwenda kupakwa gundi na kubandikwa ukutani. Mimi niliona mara moja. Yeye hakuona, na hata sikushangaa. Mtu aliyeishi na vitu vya kufunguliwa haamini kwamba kuna karatasi duniani isiyo na upande wa pili.

Nilinyamaza. Nilijiambia watu wasipojua huduma ipi ni lini hawatakuja, na asipokuja mtu, stoo yangu hiyo. Nikawapa wabebaji gundi ya kutosha na kuwaambia wabandike vizuri, pembe zote nne.

Nilichosahau ni mama mkwe.

Tunakaa naye. Macho yake yalikuwa yamefika mahali anapoisoma simu kwa kunyoosha mkono wote, na mkono nao haukumtosha. Jirani alimsomea tangazo lililobandikwa ukuta wa duka la unga, na jirani alisoma kama mtu yeyote anavyosoma: cha juu ndicho cha kwanza. Jumamosi hii, saa nne, macho bure. Jioni mama mkwe akaniambia nimpeleke. Nikasema nina shaka kama ni Jumamosi hii. Akaniuliza nimejuaje. Nikaona ni heri nimpeleke.

Tulipofika, ngazi zilikuwa zimejaa. Wazee watupu, wameshikwa mikono na wana wao, wakwe zao, wajukuu. Wengine walikuja na miwani mibovu imefungwa kwenye leso ili ifananishwe. Viti vyangu arobaini vilikwisha kabla ya saa nne na watu wakaanza kuegemea rafu za vitabu. Ofisa wa baraza alikuwa amekaa nyuma na faili lake, anahesabu kwa kutikisa kidole.

Bwana Kimya alinivuta kando ya mlango. Uso ulikuwa umemkauka.

"Dada, watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya wosia?"

Nikamwambia awaulize. Mzee wa karibu akamjibu, bila kuulizwa, kwamba yeye jicho la kulia ndilo linalomsumbua zaidi.

Hapo ndipo ningemwacha na shida yake, stoo ikaja mkononi. Lakini hesabu yangu ilikuwa imeshaharibika: watu walikuwa zaidi ya hamsini, na ofisa alikuwa ameshawaona. Nikaona angalau niokoe nafasi ya ngazi, nikamshauri. Nikamwambia amwachie karani aanze kuzungumza, ofisa amalize, atie saini aondoke, kisha ndipo awaeleze watu. Robo saa tu. Alinitazama kama mtu aliyenikuta nimekunja pembe ya ukurasa.

Akaenda mbele. Akagonga meza kwa penseli. Chumba kikanyamaza chote, hata wajukuu.

"Leo si macho," alisema. "Macho ni wiki ya kumi na mbili. Leo ni namna ya kuandika wosia. Kosa ni langu. Anayetaka kwenda nyumbani aende, na aniwie radhi."

Nikasikia viti vyangu vinasukumwa. Watu walianza kunung'unika na kuinuka, na ofisa akafunika kalamu yake. Karani mstaafu, mtu mfupi mwenye koti zito, alibaki amesimama na karatasi zake kama mgeni aliyekosea nyumba. Bwana Kimya aliweka penseli mezani, akaisawazisha na ukingo wa meza.

Mama mkwe hakuinuka. Alisubiri kelele ipungue kidogo, akauliza:

"Na huo wosia, mwanangu, mtu anaweza kumtoa mkwe wake?"

Karani akasema inategemea mali ni ya nani na ameandika nini, na kwamba hilo lilikuwa kwenye sehemu ya pili ya mafunzo yake. Mama mkwe akasema basi aanze na ya pili.

Hapo mambo yakageuka namna ambayo sijawahi kuiona katika miaka yote ya kupanga watu kwenye viti. Mzee aliyekuwa amefika mlangoni akasema arudi kidogo asikie, kwani haraka ya nini. Mwanawe, ambaye dakika moja kabla alikuwa anamvuta waondoke, alisikia neno mali akakaa kabla ya baba yake. Mama mmoja alitaka kwenda na binti yake hataki. Kiti cha pili mambo ni kinyume: binti anataka kwenda, mama ameshatoa kalamu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka, asije akasemwa hana cha kuuliza, au anacho. Karani akazungumza saa moja na nusu, na maswali yakamzidi.

Ofisa alihesabu hamsini na watatu. Alipofungua daftari la mahudhurio atie saini, akakuta Bwana Kimya ameandika pembeni kwa mkono wake: walikuja kwa macho, wamekaa kwa wosia. Ofisa akasema fomu haina nafasi ya maelezo hayo. Bwana Kimya akasema ndiyo maana ameandika pembeni. Ofisa akatia saini.

Jumatatu alikuja dukani kwangu. Safari hii hakungoja mlangoni. Mkononi alikuwa na tangazo lililobanduliwa ukutani, chokaa imeganda kwenye jedwali la tarehe.

"Ulijua upande huu utapakwa gundi?" aliuliza.

"Nilijua."

"Ukabandika."

"Nikabandika."

Nilingoja aniambie lolote. Mtu mwingine angenitukana na ningejua pa kuanzia. Yeye alilikunja tangazo mara mbili, akaketi, akasema kwamba Jumamosi watu kumi na watatu walisimama, na kwa hiyo angehitaji viti sitini. Nikasema tulikubaliana arobaini. Akasema tulikubaliana pia kubandika matangazo. Akanyamaza, na mtu yule akinyamaza, amenyamaza. Nilipoona ninaanza kuhesabu mende ukutani, nikasema sitini.

Basi yeye amebaki na chumba mwaka mwingine, na viti ishirini vya ziada ambavyo hakujua kuviomba alipokuja mara ya kwanza. Matangazo mapya yana tarehe mbele. Mimi nimepoteza stoo na Jumamosi kumi na mbili ambazo viti hivyo vingekuwa kazini kwingine. Nimepata chini ya ngazi, pakavu, na maagizo mawili ya harusi kutoka kwa watu waliokalia viti vyangu wakaona havitikisiki.

Mama mkwe aliandika wosia wake wiki iliyofuata, karani akamsaidia, na akaukabidhi kwa Bwana Kimya amtunzie. Uko kwenye kabati lake la chuma. Nilimuuliza mara moja tu kama jina langu limo. Alisema maktaba haitoi habari za wasomaji wake.