Kitenge cha Kufungulia Gemu

Tunduma ni mji wa watu wa kuvuka. Huyu anavuka kufuata sukari, yule vitenge, mwingine anavuka tu kwa kuwa mpaka upo. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne nikatulia nyumbani Chapwa, nilikuwa navuka sebule, kutoka chumbani kwangu hadi kwenye kompyuta ya kaka. Nikifika hapo najiona nimesafiri.

Kompyuta ilikuwa ya kazi. Kaka alikuwa wakala wa malori pale mpakani, na karatasi za mizigo alizichapa humo. Lakini kila mtu wa nyumbani alifunguliwa akaunti yake, na mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi. Ndiye niliyeifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, maua ya bluu pembeni. Kitu ukishakifumia kitambaa ni chako. Mimi ndivyo nilivyoelewa.

Kwenye akaunti yangu nilikuwa na gemu aliloniletea kaka kwenye flashi. Unasogeza vijiwe vya rangi mpaka vya aina moja vikae mstari mmoja, vinapotea, unapata pointi. Siku ya kuliweka, kompyuta iliuliza: liwe lako peke yako, au la wote wanaotumia mashine hii? Peke yangu! Swali gani hilo?

Halafu kaka akaoa.

Wifi alitoka Iyula, mrembo, mwenye kicheko ambacho majirani walikidaka wakacheka nao bila kujua sababu. Kaka alizoea kurudi jioni na kuniuliza, "Mdogo wangu, leo kuna jipya gani?" Sasa alipita sebuleni moja kwa moja kama lori tupu kwenye mzani. Jipya lake lilikuwa chumbani.

Siku moja wifi akasimama nyuma ya kiti changu.

"Wifi, mbona kwangu gemu hili halipo?"

"Lina aibu. Halijakuzoea."

"Liweke la wote," kaka akadakia huku akivaa viatu. "Usiwe mchoyo."

Nikaona nafasi yangu. Kwetu bibi harusi akiletwa, mawifi tunaziba mlango, na hapiti mpaka atoe kitu. Siku yake dada zangu wa ukoo walizoa zawadi zote. Mimi nilikuwa nyuma, napambana na sufuria la wali, sikupata hata leso.

"Mlango huu haujafunguliwa, wifi," nikamwambia. "Toa kitenge."

Kesho yake akakitoa. Cha Zambia, kijani, chenye ndege wa njano, na kizuri hata nikakasirika. Nikakikimbiza kwa fundi kabla hajajuta, na siku kadhaa baadaye, wifi kaketi kando yangu, nikaanza kazi. Nikaling'oa gemu langu ili nilianze upya. Swali likaja. Nikabonyeza "wote" kwa madaha ya mgeni rasmi anayekata utepe.

Kompyuta ikadai paswedi ya mkuu wa mashine. Nikaandika yangu. Ikakataa. Nikaiandika tena kwa herufi kubwa, kama ninayempazia sauti kiziwi. Ikakataa. Na gemu langu nimeshaling'oa.

Nikampigia kaka. Honi za malori zilijaa kwenye simu.

"Kaka, nipe paswedi yako."

"Muulize wifi yako, anayo." Akakata.

Anayo! Mimi wa kufuta vumbi, mimi wa maua ya bluu, sikuwahi hata kuambiwa kwamba mashine ina mkuu. Yeye wa juzi alikuwa anamchapia mumewe karatasi, na ufunguo wa nyumba nzima anao vidoleni.

Wifi alikwishakunja mikono.

"Awe," akasema, ile hapana ya watu wa ng'ambo ya mpaka. "Na mlango huu haujafunguliwa, wifi. Nirudishie kitenge changu."

"Kiko kwa fundi."

"Kimeshakatwa?"

"Kimeshakatwa."

Mama akaangua kicheko jikoni. Mama yangu mwenyewe.

"Basi nataka mabaki," wifi akasema. "Na ugeukie ukutani."

Nikageukia ukutani. Nikasikia vidole vyake vikidonoa herufi, haraka haraka, bila kusita. Ilikuwa paswedi ndefu. Nilitamani iwe fupi.

Gemu likaingia kwa wote. Fundi alipomaliza gauni, mabaki nikayakabidhi. Wifi akayapinda pindo vizuri na kuifunika nayo kompyuta. Kitambaa changu kikahamia kwenye jagi la maji.

Jioni ya kwanza ya gauni langu, kaka alirudi, akapita sebuleni, kisha akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine na kifuniko chake mapajani, ndege wa njano juu ya ndege wa njano, wote tumevishwa na mtu mmoja.

"Mmependeza," akasema, akaingia chumbani.

Sikumwuliza anawaambia akina nani. Wifi alikuwa ananizidi pointi, na zamu ilikuwa yangu.