Hoho Zikatwe Mwisho

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Shangazi aliokota hoho mojamoja kapuni, akaiminya karibu na sikio. Ikilia, alisema, "Hii bado hai." Ikinyamaza, aliitupia kwenye sufuria ya supu.

Alikuwa mpishi katika mgahawa ulioachwa na marehemu mumewe, ambao sasa ulikuwa mikononi mwa shemeji yake. Alilala stoo, nyuma ya jiko, kati ya magunia ya vitunguu, na dirisha lake lilitazama ukuta. Mimi nilimenya vitunguu hapohapo, ndiyo maana nayajua haya.

Wateja walifuata hoho zake. Alizikata mwisho kabisa, akazimwaga juu ya nyama, moto ukishazimwa, akafunika. Zilitoka kijani kibichi, zikilia menoni.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zilikaribia. "Mama, usipokuja nitajifungua na nani?" alilia kwenye simu. Shangazi akaomba ruhusa.

"Hoho atapika nani?" shemeji akauliza. "Siku wateja watakapokula za mtu mwingine wasijue, nenda. Ukiondoka kabla ya hapo, usirudi kulala hapa."

Shangazi akaanza kumfundisha dada wa kuosha vyombo. "Mwenzangu, unakoroga kama unafua mashuka! Ziache zipumue." Dada akacheka, akaunguza. Kesho yake akaunguza tena. Simu ikaita: "Bado, mama?" "Bado kidogo, mwanangu."

Hatimaye, mchana mmoja, Shangazi aliketi stoo, mikono mapajani, dada akapika peke yake. Sahani zilirudi zimekombwa. Shemeji akaingia akilamba vidole.

"Leo umetuua, shemeji! Mtu kama wewe naanzaje kumwachia?"

"Sijapika mimi. Kapika huyu."

Shemeji akamtazama dada, kisha akacheka mpaka kitambi kikacheza. "Kumbe sasa ninao wawili! Kesho naongeza meza."

"Uliahidi, shemeji."

"Niliahidi, lakini si leo. Kwani mtoto hazaliwi bila wewe?"

"Anazaliwa. Ndiyo maana naenda."

Akavua aproni, akachukua mkoba, akapitia mlango wa mbele, katikati ya meza, ambako sisi wa jikoni hatukuruhusiwa kukanyaga.

"Mama, niongezee hoho!" mteja akamwita.

"Mwambie mwenye mgahawa."

Shemeji akamfuata mpaka kizingitini. "Shemeji! Shemeji, watu wanatuangalia!"

Shangazi alivuka barabara bila haraka, akapotelea nyuma ya lori la saruji. Hakukanyaga tena pale.