Fuwele za Mzizi wa Shangazi

Shangazi yangu wa kijiji cha Mbingu ndiye aliyenionyesha ule mti. Aliutumia kutibu watoto wenye vidonda visivyopona, na hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine. Alinionyesha mimi kwa sababu nilifanya kazi maabara, Ifakara, na kwa sababu nilimwahidi kwamba siku dawa yake itakapoandikwa, naye ataandikwa.

Nilikausha maganda ya mzizi kivulini, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti, kisha nikaanza kutenganisha vilivyomo, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ilinichukua miezi minane. Mwishowe, chini ya kichupa, nikaona fuwele za manjano, nyembamba kama sindano. Nilizipeleka Dar es Salaam kwa profesa aliyenifundisha chuoni, maana yeye alikuwa na mashine ya kupimia molekuli. Majibu yalipotoka tulichora umbo lake kwa simu, yeye huko, mimi huku. Kikundi kimoja cha atomi alikiweka kushoto. Nilizirudia grafu za ile mashine siku tatu, nikamwambia hapana, kinakaa kulia.

"Una jicho wewe," aliniambia. Nilifurahi wiki nzima.

Mwaka uliofuata rafiki yangu alinitumia makala ya jarida la sayansi. Mchoro ulikuwa wangu, kile kikundi kikiwa kulia. Waandishi walikuwa wanne, profesa akiwa wa kwanza. Jina langu halikuwemo. Mwishoni kabisa alishukuriwa "fundi wa maabara". Shangazi hakutajwa hata kwa neno moja. Mzizi "ulikusanywa bonde la Kilombero", basi.

Nikampigia.

"Shikamoo, Profesa. Nimeiona makala."

"Marahaba. Tumekushukuru mle, umeona?"

"Na shangazi?"

"Yule mama si mwanasayansi."

Niliwaandikia wahariri wa jarida. Walijibu kwamba jina haliongezwi mpaka waandishi wote wakubali. Hawakukubali.

Nilikwenda Mbingu nimwambie mwenyewe. Nilimkuta akipepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuweka ungo chini.

"Huyo profesa mimi simjui," alisema. "Niliyempa ni wewe."

Hadi leo ananipokea vizuri, ananipikia wali na samaki. Ila akiletewa mtoto mwenye kidonda, huchukua jembe, huniomba nimwangalizie chungu jikoni, kisha huenda msituni peke yake.