Rangi za Tobin

Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Verla Dutcher alikuwa ameikodolea macho tangu jua la Agosti lizame nyuma ya mahindi. Kwa miezi miwili alikuwa amebandika mabango ya mbio za farasi wavutao vigari vyepesi popote alipoona ukuta: duka la chakula cha mifugo, kwa kinyozi, ukumbi wa kanisa, hata mlango wa choo cha kituo cha mafuta. Kazi ya kuyatangaza maonyesho ya wilaya, ambako mbio hizo hufanyika, alikuwa akiifanya huu mwaka wa kumi na tisa, bila mshahara, kwa mdomo wake na ndoo ya gundi.

Mwaka huu duru moja ya mbio ilipewa jina la marehemu mwanawe, Tobin. Farasi watano wasipotimia, duru inafutwa, na jina lake halitaitwa uwanjani. Mpaka jioni ile walikuwa wanne.

Simu ikalia. Alikuwa Orval, karani mzee wa mbio.

"Verla, umelala?"

"Nilale na wewe hujapiga? Sema!"

"Wametimia watano."

"Nani kamleta wa tano? Yule bahili Hostetler?"

"Hostetler? Yule hata salamu hatoi bure." Orval akakohoa. "Ni Juniper wenu, Verla. Mwendeshaji kaandikwa Nadine."

Juniper ndiye farasi aliyekuwa akimvuta Tobin miaka minne iliyopita, gurudumu la mshindani wa pembeni lilipoingia kwenye la kigari chake katika kona ya tatu. Farasi aliinuka mzima. Tobin hakuinuka. Tangu hapo, kila Verla alipobandika bango kwenye uzio wa kona ile, alisikia magurudumu yakimjia mgongoni. Hakuwahi kugeuka.

"Naweza kumfuta," Orval akasema kwa upole. "Ila nikimfuta yeye, dada, nafuta na duru."

"Nipe dakika kumi."

Alipoweka simu alimwona binti yake, Nadine, amesimama mlangoni na buti zake za vumbi, majani makavu yamemnasa nyweleni.

"Umenificha," Verla alisema.

"Ningekwambia, ungenifungia zizini."

"Kwa kufuli mbili!"

"Mama, umealika wilaya nzima. Mimi tu ndiye sikualikwa?"

 Macho ya Verla yalikwenda mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa chumba cha Tobin. Ulikuwa umefungwa tangu mazishi, na ufunguo aliuvaa shingoni. Mle ndani lilitundikwa koti lake la mbio, la kijani lenye mikono ya njano. Kwa watu wa vigari, rangi ni za mwendeshaji kama sura yake. Aliye mbali uzioni humjua mtu kwa rangi kabla ya uso, na hakuna avaaye za mwenzake.

"Nipe koti lake," Nadine alisema.

"Hapana. Unataka nikae jukwaani nimwone akiingia kona ya tatu mara ya pili?"

Nadine akainamisha kichwa. "Haya. Basi nitavaa nyeupe. Asiye na rangi zake huvaa nyeupe tupu, unajua."

Nyeupe. Siku ile watu wa gari la wagonjwa walimfunika Tobin kwa shuka jeupe. Upepo uliinua pembe moja, na Verla, kutoka jukwaani, alidhani mwanawe anampungia mkono. Akampungia na yeye.

Simu ikalia tena. Aliipokea amesimama.

"Mwache alivyoandikwa, Orval," alisema, akakata.

Akauvua ufunguo shingoni. Walikwenda pamoja hadi mwisho wa ukumbi. Nadine akamshika kiwiko. Ufunguo ulikwama kidogo, kisha ukazunguka. Harufu ya ngozi na mafuta ya hatamu ikawapiga usoni, na mlango ukafunguka wote. Verla akampisha Nadine alichukue koti.