Miaka Tisa ya Kubana Nati, Betri Haidumu

Umewahi kukanywa kazini usipumue kwa nguvu?

Saa moja asubuhi mjini Cheongju, Seo Gwi-rye anaingia chumba kikavu cha maabara ya betri, nguo nyeupe zimemfunika hadi yanabaki macho. Jasho, chafya, hata pumzi yake ina maji, na madini ya lithiamu hayavumilii maji. Kipande kinachong'aa kama tumbo la dagaa huwa cheusi upesi, mfano wa kiazi kilichomenywa kikasahauliwa.

Anakisugua kwa brashi laini. Anakilaza juu ya kigae cha kauri, chembamba kuliko ukucha, anafunika, anabana nati nne kwa spana yenye kipimo. Hiyo ndiyo betri wanayoitafuta.

Shida yote iko pale lithiamu inapogusana na kigae. Ukilegeza, panabaki mashimo. Ukikaza mno, lithiamu hujipenyeza kwenye nyufa kama mizizi ukutani, ikatokea upande wa pili, betri ikapiga shoti.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane amebana betri mia sita na kumi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Iliyodumu kuliko zote ilichajiwa mara mia mbili na tisini. Inatakiwa elfu moja.

Vidole vimepasuka. Supu ya asubuhi haigusi, maana kwenda msalani ni nusu saa ya kuvua na kuvaa.

"Mume wangu ananiita samaki mkavu," anasema. "Namwambia asinikumbatie basi, nitavunjika."

Wiki iliyopita betri kumi za mwisho zilikufa zote. Jumatatu karatasi ikabandikwa mlangoni pa kubadilishia nguo: kazi inafungwa Ijumaa, wa mikataba warudishe vitambulisho. Walikuwa sita. Walisoma, wakaenda kuvaa.

Jumatano Daktari Tak Hyeon-u, kijana anayeongoza utafiti, alizipasua zile zilizokufa na kuzitazama kwa darubini. Mizizi yote ilianzia ukingoni, jirani na nati. Akajiuliza kwa sauti, kwa nini ukingoni.

Gwi-rye alikuwa akifuta meza. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba nati hujikaza zenyewe. Kwenye kabati la kupimia kuna joto, betri inavimba kidogo. Yeye huzifungua, na kila mara huwa ngumu kuliko alivyozibana. Zingelegezwa robo mzunguko zikishapata joto.

"Umelijua hili tangu lini, mama?"

"Mwaka wa tatu."

"Na ukanyamaza?"

Alimweleza. Aliwahi kuanza kusema, msimamizi wa wakati ule akamwambia ameajiriwa mikono, mdomo aubakize nyumbani. Tangu hapo alibana kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, huku mkono wake ukimwambia anakosea. Betri mia nne na zaidi.

Daktari aliketi. Jaribio moja huchukua miezi mitatu, nao walibakiwa na siku mbili. Alisema angempa chochote alichokuwa na uwezo nacho, ila hakuwa na kitu. Kisha akamuuliza anataka nini.

Mama alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka.

"Nilitaka mniulize," alisema. "Mmechelewa. Basi niacheni nibane moja nijuavyo mimi, hata kama hatabaki mtu wa kuipima."