Afande Otim na Mmarekani wa Kwenye Shuka

Kho, kho. Kikohozi ndani ya kopo. Nakumbuka hicho kabla ya kitu kingine chochote, mwanangu. Mpaka leo mtu akikohoa kabla ya kusema, moyo wangu unakaa chini kusubiri sinema.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha. Gari la sinema lilitoka Kasese, likapita Kinyamaseke, likatufikia Bwera mara mojamoja, limejaa vumbi. Picha zilionyeshwa kwenye ukuta wa kantini ya kambi ya polisi, juu ya shuka la mama yangu. Alikuja nalo kutoka Beni, upande wa Kongo, alipokimbia vita, na lilikuwa na kiraka upande wa kushoto. Kazi yangu ilikuwa kulifua, kulitundika kwenye misumari, na kukaa mbele kabisa.

Picha zote zilisema Kiingereza, tena kile cha puani ambacho hata mwalimu wetu alikikwepa. Kwa hiyo Afande Otim, polisi mrefu kutoka kaskazini, alisimama gizani pembeni ya shuka na kopo la mafuta lililokatwa kitako. Alikohoa ndani yake, kisha akawasemea wote: wanaume, wanawake, hata farasi.

Stelingi alikuwa Mmarekani mmoja mwenye kofia pana na macho ya mtu aliyefiwa. Tulimwita Kofia. Picha zake zilitufikia ovyo ovyo. Mara ana mvi, mara ni kijana. Leo anachunga ng'ombe, safari nyingine ni askari wa vita, nyingine tena ni mwizi. Hatukujua kwamba mtu anaweza kulipwa ili ajifanye mtu mwingine. Tuliamini hayo yote ni maisha yake, yamekatwa vipande, na Afande ndiye anayetushonea.

Na alishona kweli. Katika kila picha Kofia alikuwa anarudi kwa mama yake. Akipanda farasi, anamwendea mama. Akimpiga mtu ngumi, huyo mtu amemzuia njia. Akimbusu mwanamke, Afande alikohoa na kusema, "Dada, niache, mama yangu anavuna simsim peke yake." Simsim ni ufuta, zao la kwao kaskazini.

"Afande!" akapaza sauti mama mmoja muuza samaki. "Huko Amerika beko na simsim?"

"Iko mingi! Nyamaza wewe, utachelewesha mutu."

Kantini nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa msichana mwenye ndoto nyingi, nilitaka Kofia afike. Siku aliyopigwa risasi akafa, wanawake walishika vichwa wakalia, wakakataa kwenda nyumbani. Afande akakohoa haraka haraka: "Huyo ni pacha wake! Mwenyewe iko njiani!" Ndipo tukaenda kulala.

Siku moja nilimpelekea chai nikamwuliza, "Afande, atafika lini?"

Akakoroga chai muda mrefu, na haikuwa na sukari. "Wakimpa ruhusa," akasema. "Hata mimi naomba ruhusa kila mwaka. Mama yangu amezeeka."

Nikaondoka nikiwaza kwamba labda yeye na Kofia wana mkubwa mmoja.

Kisha serikali ikapinduliwa, na askari wa kaskazini, kwao rais aliyeangushwa, wakaanza kuitwa kwa majina na kuchukuliwa. Asubuhi moja lori lilisimama kambini. Nilikuwa langoni nauza mandazi. Afande alipanda bila kofia, bila mkanda. Aliponiona akakohoa, kho, kho, kama mtu anayetaka kuanza.

"Funga mdomo! Kaa chini!" akasema mwenye bunduki.

Lori likashika njia ya Kasese. Otim hakuonekana tena.

Nilifika nyumbani nikilia. "Mama, sasa nani atamfikisha Kofia kwa mama yake?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuwa mtu wa kunigombeza, lakini siku hiyo alisimama. "We mutoto! Unamulilia muzungu wa kwenye shuka langu? Yule iko kwao, anakula. Mutu aliyekuwa anasema ni Otim. Na mama yake Otim, nani atamuambia?"

Nilikaa pale mlangoni mpaka maharage yakaiva, sikuweza kuyala.

Gari la sinema lilirudi baadaye na mfasiri mpya, kijana aliyesoma. Alitafsiri vizuri, hakuacha kitu. Kofia akaomba pombe. Kofia akauliza bei ya farasi. Mama hayupo, simsim hakuna. Yule muuza samaki akasema polepole, "Huyu si wetu," akabeba kigoda chake akaondoka.

Miaka ikapita, redio ikatangaza kwamba yule Mmarekani amekufa, mzee, kitandani kwake. Wakataja jina lake kamili ambalo hatukuwahi kulisikia. Wakaeleza alivyoanza kwa kubeba viti nyuma ya jukwaa, alivyopata umaarufu, wake aliowaoa, nyumba yake kubwa. Nilisikiliza mpaka mwisho. Otim hakutangazwa popote.

Mwanangu, wapende watu wa kwenye mwanga, sikukatazi. Mimi mwenyewe walinifurahisha sana. Lakini geuza shingo umtazame anayesimama gizani akikusemea. Mwulize kijiji chake, mwulize mama yake anaitwa nani. Mwulize mapema, akiwa bado anakunywa chai yako. Mimi sikuuliza, ndiyo maana habari zake zilinibaki mkononi, sina pa kuzipeleka. Mungu akuepushe na lori la asubuhi. Akupe mtu wa kukungoja, na akufikishe kwake ukiwa mzima.

Jioni ile ya redio mama alikuwa sokoni. Nilitoa shuka sandukuni nikalitundika ukutani kwetu, jeupe, na kiraka chake. Nikachukua kopo tupu la mafuta, nikakohoa ndani yake. Nikamshusha Kofia kwenye farasi, nikampitisha katikati ya simsim, nikamwinua mama yake, bikizee aliyekuwa ameinama anavuna.

"Mama," nikasema ndani ya kopo, "ni mimi. Wamenipa ruhusa."